Siku Niliyotembezwa Triana na Mukwe Nisiyemtaka

Wenzangu wa shamba la pamoja, mmenijia mmoja mmoja, kila mtu na swali lake. Mama Zawadi anataka kujua walinilisha nini. Mwalimu Kitenge anauliza kama nilisikia baridi. Na wengine, ambao sitawataja, mnajifanya mnapita kuomba chumvi, kumbe mnataka kujua jambo moja tu: nilisema ndiyo ama nilisema hapana. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika mara moja, msome, mpelekeane, na chumvi yangu muiache.

Kwa yule ambaye hajui mwanzo wake: binti yangu Furaha, aliyesomea uuguzi Kindu na baadaye akafika Hispania kutunza wazee katika mji wa Sevilla, alipata mchumba huko. Baba yake aliposikia hakugomba. Alinyamaza. Mwaka mzima Furaha akipiga simu, Papa Furaha ananipa simu mimi na kutoka nje kutazama mbuzi. Mwishowe akaniambia, “Nenda uone hao watu. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, ndoa haiko.” Furaha naye akakubali, maana alichoka kuongea na mama peke yake.

Mimi nilikubali upesi kuliko wote. Sikumwambia mtu kwamba jibu langu nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa hapana. Habari ya makaratasi siwaelezi. Mtazeeka kabla sijamaliza.

Kutoka Wamaza hadi Kasongo

Mnamjua Shabani na pikipiki yake. Ni mtu wa sala, baba wa watoto sita, na anaendesha kama mtu anayesindikiza maiti. Kwenye kila mlima alisimama na kuniambia kwa heshima, “Mama, shuka kidogo, hii pikipiki iko na mawazo.” Nikashuka, nikapanda kwa miguu, yeye akaningoja juu akijipangusa jasho kana kwamba ndiye aliyetembea.

Siku ya kwanza mvua ilitukamata, na tulipofika kwenye kijito tukakuta miti ya daraja imekwenda na maji. Wanaume wa pale walikuwa wameshaanza kukata miti mingine, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya maneno mengi na mashoka mawili. Tukakaa nyumbani kwa mama mmoja mzee, akatupa bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese, chakula ambacho nilikikumbuka kwa machozi majuma yote yaliyofuata. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema Hispania. Akafikiri, akauliza kama iko karibu na Bukavu. Nikamwambia ni mbele kidogo.

“Basi mukimbie,” akasema. “Si muzuri kufika kwa watu giza imeisha kuingia.”

Daraja likapona kesho yake saa tano, na jioni tukaingia Kasongo tukiwa rangi moja na barabara.

Kasongo hadi Sevilla, kwa kungoja

Kasongo nilifikia kwa mdogo wangu Ester, tukangoja ndege ndogo ya kunipeleka Kindu. Kila asubuhi mtu wa ndege alisema ni kesho. Alisema hivyo siku nne, kwa sauti ileile, na kila mara tulimshukuru. Siku ya tano ndege ikaja bila mtu kutuambia, na mimi nilikuwa sokoni nachagua samaki. Ester alinifuata akikimbia na sanduku langu kichwani. Nilipanda nikiwa na samaki mkononi, na rubani akasema mmoja wetu akae nyuma.

Kinshasa nilikaa siku mbili. Hapo nilikutana na mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Kindu, ambaye alisema Ulaya anaijua yote. Aliniapia kwamba mwezi wa pili Hispania yote iko chini ya barafu, na mtu asiyejifunika hukatika masikio. Nikavaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, na soksi za baba yenu Papa Furaha.

Nilifika Sevilla mchana. Jua lilikuwa linawaka kama la kwetu baada ya mvua. Furaha alinikumbatia, akarudi nyuma, akanitazama. Nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye nyusi. Miaka minne sijamwona mwanangu, na neno lake la kwanza lilikuwa, “Mama, nani amekufanyia hivi?”

Pembeni yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, fundi wa umeme. Jina lake Joaquín. Wenyewe wanaanza kulitamka kooni, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki. Nilijaribu mara tatu, nikaamua kumwita Mwanangu, jina lisilo na mifupa. Furaha akafikiri nimeshampokea. Nikaona aibu, lakini sikumsahihisha.

Kuvuka daraja

Mama yake Joaquín anaitwa Encarna. Ni mjane, mfupi kama mimi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. Anakaa Triana, mtaa wa zamani ulio upande wa pili wa mto Guadalquivir. Nilimpa kitenge changu kizuri, kile cha maua ya buluu. Akakibusu, akakikunjua, akakitandika mezani, akaweka sahani juu. Nilikula siku hiyo nikiangalia mafuta ya samaki yakidondoka kwenye kitenge changu, na Furaha alinikanyaga mguu chini ya meza.

Kesho yake Encarna akasema atanitembeza mtaani kwake kwa miguu, na Furaha atafsiri. Nikafikiri ni nusu saa. Mtaa ni mtaa.

Tulianzia upande wa mjini ili niingie Triana kwa njia ya heshima, juu ya daraja la chuma. Encarna akasimama katikati, akashika chuma, akaongea muda mrefu, mkono ukienda huku na huku.

“Anasema daraja iko ya zamani,” Furaha akatafsiri.

Nikamtazama mwanangu. Maneno yale yalikuwa marefu kama Imani ya Mitume. Nikauliza kama ni hayo tu. Akaongeza kwamba watu wa Triana wakivuka daraja hili husema wanakwenda Sevilla, ingawa ni mji uleule na safari ni ya dakika tano. Hapo nikamwelewa Encarna bila mkalimani. Mmewahi kumsikia mtu wa Nyangwe akisema yeye ni wa Kasongo? Atakuambia Nyangwe ilikuwa na soko watu wakifika kwa mitumbwi, Kasongo hata jina haijapata. Nikasema hayo yote, na nikaongeza kwamba nyumba za Triana zimebanana mno, mtu hana hata nafasi ya kupanda muhogo. Furaha akamgeukia Encarna, akasema neno moja: “Preciosa.” Baadaye nilijua maana yake ni nzuri sana.

Tangu hapo nikaanza kuhesabu maneno anayotupunguzia.

Triana kwa miguu

Mwisho wa daraja kuna soko, na chini ya soko kuna kuta za ngome ya kale walimokuwa wakifungwa watu kwa ajili ya dini yao. Juu wanauza nyanya. Encarna alipita kwenye kuta zile akifanya ishara ya msalaba, akasimama kwenye nyanya akazigombea bei kwa furaha. Miguu ya nguruwe ilikuwa imening'inizwa juu ya vichwa vyetu kama nguo za kuanika. Shabani, nisamehe, ilibidi niseme.

Barabarani miti ya machungwa imejipanga kila upande, machungwa yameiva, mengine yameanguka, na hakuna anayeyaokota. Nikahuzunika. Nikasema moyoni, hawa watu ni wavivu kweli. Nikachuma moja, nikalimenya, nikatia kipande kizima mdomoni. Wenzangu, mnajua dawa ya malaria inavyokuwa ikiyeyukia kwenye ulimi. Ile ni tamu. Nilisimama pale nimefumba macho, siwezi kumeza, siwezi kutema mbele ya mukwe. Encarna akacheka mpaka akajishika ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka. Akanipa leso yake nitemee.

Tukaingia kanisa la Mtakatifu Anna, kanisa la zamani kuliko yote mtaani. Ndani kuna kaburi la vigae lenye picha ya mtu aliyelala. Furaha akaeleza kwamba zamani wasichana waliokosa mume walikuja kulipiga teke ili wapate. Kaburi limechakaa kweli. Encarna akatazama kaburi, akamtazama Furaha, akasema jambo refu bila kutabasamu. Furaha akainamisha kichwa.

“Anasema nini?”

“Anasema kanisa iko baridi.”

Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka ishirini na sita. Mtoto anayedanganya namjua kwa masikio yake. Ya Furaha yalikuwa yamesimama.

Saa nane simu yake ikalia. Kule anakotunza wazee, mwenzake ameugua, lazima aende mara moja. Joaquín naye alikuwa kazini. Furaha alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayeacha mbuzi wawili kwenye shamba la mahindi. Akaniambia tukae mahali tule, tusiende popote, atarudi saa kumi na moja. Akamwambia Encarna, nafikiri, maneno hayohayo. Sote tukaitikia kwa kichwa. Alipopinda kona, Encarna akanishika mkono na kuendelea na safari.

Bila mkalimani

Alinipeleka kwenye uwanja mmoja wa ndani, umezungukwa na vyumba juu na chini, maua kwenye makopo mpaka kwenye ngazi. Zamani familia nyingi zilikaa pamoja katika nyua kama hizi, bomba moja, mahali pamoja pa kufulia. Nilielewa hayo kwa sababu alinionyesha: akafua hewani, akakamua, akagombana na jirani asiyekuwepo kwa ajili ya zamu ya maji. Alizaliwa katika chumba cha pili. Akahesabu ndugu zake kwa vidole, saba. Nikamwonyesha wetu, nane. Akapiga mluzi.

Halafu akanigusa pete yangu, akatoa picha ya Joaquín kwenye pochi, akatikisa kidole, akaweka mkono kifuani. Nikafikiri ananiambia juu ya kifo cha mume wake. Nikampa pole, nikamshika bega, nikainamisha kichwa kama tunavyofanya. Yeye akanitazama kwa mshangao, akarudia, sasa kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba Kihispania kikipigiwa kelele kinageuka Kiswahili. Nikampa pole zaidi.

Akaona hatufiki. Akanivuta mpaka duka moja la vigae, maana Triana wamefinyanga udongo tangu zamani. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Manolo. Ujanani alifanya kazi Ufaransa, na Kifaransa chake kilikuwa kizima, kimechakaa kidogo kwenye pembe kama changu. Encarna akamkalisha kati yetu na kumpa kazi.

Manolo aliuliza kwanza, kwa Kifaransa, kama nataka aseme yote au aseme kwa upole. Nikamwambia upole nimeshiba tangu asubuhi.

Basi akatafsiri. Encarna alisema hataki ndoa hii. Alisema kule kanisani alimwambia Furaha kwamba yeye hakuhitaji kupiga kaburi teke, mume alimwokota bure kazini kwake, Joaquín alipokuwa akitengeneza taa. Alisema watoto wake wawili wakubwa wako Ujerumani na hawarudi. Huyu ndiye wa mwisho. “Akimuoa msichana wenu, msichana atampeleka Afrika, na mimi nitabaki na picha ukutani.”

Nilicheka. Samahani, lakini nilicheka, na Manolo akaingiwa na hofu kwamba ametafsiri vibaya. Nikamwambia, “Mwambie huyu mama nimepanda pikipiki, na ndege nne, kuja kusema hapana. Kwa sababu mwanangu akiolewa hapa hatarudi kwetu.”

Manolo akavua miwani. “Niseme hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo.”

Akasema. Encarna akaweka pochi yake chini. Kisha akajibu polepole, na Manolo akatafsiri polepole. “Anasema: kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mtoto wake na mwizi, na mwizi mwenyewe amekaa nyumbani anamngoja mwanawe.”

Tungeweza kukubaliana hapo hapo kwamba ndoa isiwepo. Tulikuwa wawili, tuna nguvu, na watoto wetu wote wawili ni watiifu. Nawaambia ukweli, nililifikiria, na nilimwona naye analifikiria. Manolo alijisogeza nyuma na kiti chake.

Ni Encarna aliyeanza tena. Alisema mwaka uliopita alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Joaquín hakujua la kufanya. Furaha alikuja kila siku akitoka kazini, akamwogesha, akamkata kucha za miguu, akamfundisha kutembea upya, hatua moja moja, mpaka mlangoni, mpaka kona, mpaka kanisani. Encarna alisema alimkasirikia kila siku ile, maana alikuwa amekusudia kumchukia na yule msichana hakumpa nafasi.

“Anauliza,” Manolo akasema, “alijifunza hayo wapi.”

Furaha hakunieleza habari ya nyonga hata siku moja. Nyumbani alikuwa mtoto wa kusahau ndoo kisimani. Bibi yake, mama yake Papa Furaha, alipolala kitandani miaka miwili, ni mimi niliyemwogesha, na Furaha alikuwa ananishikia beseni huku akilalamika kwamba mikono inachoka. Nilidhani alikuwa akilalamika tu. Nikamwambia Manolo habari ya beseni, na nilipofika katikati Kifaransa kikaniishia, nikamaliza kwa Kiswahili. Encarna aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho. Manolo hakumtafsiria, na Encarna hakuuliza.

Saa kumi na moja

Furaha alitukuta kwenye kioski cha chakula karibu na mto. Mama Zawadi, jibu lako ni hili: waliniletea sahani ya majani ya kijani yaliyopondeka, na moyo wangu ukaruka, nikajua ni sombe. Haikuwa sombe. Ni mchicha na dengu kubwa, na bizari ndani. Nilikula mbili. Wale watu wanakula chakula cha mchana saa tisa, kwa hiyo usiamini sana ulimi wangu, njaa ilikuwa inasaidia.

Alikuja akihema. Alipotuona tumekaa upande mmoja wa meza, akasimama. Encarna akaanza kusema, Furaha akafungua mdomo kutafsiri, nami nikamwambia akae chini.

“Leo umetafsiri ya kutosha. Mama yake Joaquín alisema kanisani kwamba ulimwokota mwanawe bure.”

Akaweka mikono usoni. Nikaendelea, kwa sababu ningengoja ningelia kabla yake. “Na mimi nilikuja kusema hapana. Hujaniuliza, nami sikukuambia. Sasa nasema ndiyo. Lakini mumeo atakuja Wamaza mwenyewe, na miguu yake. Papa yako haongei na picha.”

Furaha alilia vile alivyolia akiwa mdogo, bila sauti, bega moja likipanda. Encarna akampa leso ileile ya machungwa, imeoshwa. Kisha akatangaza kwamba na yeye atakuja, hawezi kumwachia mwanawe safari ya namna hiyo. Akataka kujua kutoka Kasongo hadi kwetu njia ikoje.

Furaha akaniangalia akingojea jibu langu.

“Mwambie barabara iko,” nikasema.

Neno la ukweli, halina kosa hata moja. Kumbe kazi ya kutafsiri si ngumu.

Nyumbani

Kurudi sina la kusimulia, isipokuwa Kindu safari hii nilingoja ndege siku sita, na Shabani alinipokea Kasongo akasema nimeongezeka uzito, pikipiki itakuwa na mawazo zaidi.

Papa Furaha alikuwa uani, anafunga mpini wa jembe kwa mpira. Hakuniuliza. Alinipa kiti, akaleta maji, akarudi kwenye jembe. Nikamwambia neno moja, na baada ya hapo nikamweleza habari ya nyonga, ya kuogeshwa, na ya kucha za miguu. Alisikiliza akiendelea kufunga mpira kwenye mpini, mizunguko mingi kuliko jembe lolote linavyohitaji.

Jioni akachukua simu yangu bila kuomba, akatoka nayo hadi kwenye miti ya ndizi, mahali ambapo mtandao unashika. Nilisimama mlangoni. Nilimsikia akisema, “Furaha, ni papa,” kana kwamba mtoto angeweza kusahau. Halafu akaitoa simu sikioni, akaitazama, na nikafikiri imekatika.

Haikukatika. Alimuuliza kama kijana anakula bugali. Jibu sikulisikia. Nilimwona tu mume wangu akigeukia migomba na kuziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, ili mimi nisijue kwamba anacheka.